Gari ya marehemu baba, na sakafu iliyoliwa na kutu

Swali limetoka Wete, Pemba. Mwandishi wake ni mwalimu, na kwa ufupi anasema hivi: "Shikamoo baba. Marehemu baba ametuachia Morris Minor ya milango minne, ya mwaka 1961. Imekaa uani chini ya mfenesi miaka minane. Injini imewaka baada ya kusafishwa kabureta na kutiwa betri mpya. Lakini nilipofunua zulia upande wa dereva, kisigino changu kilitumbukia mpaka chini, nikaona majani ya mfenesi. Fundi mmoja anasema atapigilia bati la kuezekea kwa ribiti na kupaka lami. Mwengine anataka kulaza bati zito la madoadoa la milimita 3 sakafu nzima, juu ya ile ya zamani. Nimfuate yupi? Au niagize vipande Uingereza? Na mlango wa nyuma kushoto siku hizi mpaka uunyanyue ndiyo ufunge."

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee. Nimelisoma swali lako mara mbili, maana jambo kubwa umeliweka mwisho kama kwamba ni dogo. Kisigino kutumbukia kinatisha, lakini mlango unaotaka kunyanyuliwa ndio ulionifanya nikuandikie kwa urefu. Jibu la haraka: usimfuate hata mmoja katika mafundi hao wawili, na gari isitoke uani, hata mpaka sokoni, kabla haijaingiwa chini na kutazamwa.

Nikueleze sababu. Malori, na Land Rover za zamani, zina chesisi, yaani fremu ya chuma ya chini, mbali na bodi mbali. Sakafu ikioza utakanyaga hewa, lakini gari imebaki imekaa juu ya chesisi yake. Morris Minor haikuundwa hivyo. Ilipotoka Uingereza mwaka 1948, mchoraji wake Alec Issigonis aliijenga bodi yenyewe ibebe kila kitu: sakafu, vizingiti vya milango, nguzo na paa vimechomelewa pamoja vikawa kitu kimoja. Mbele pana mihimili miwili inayobeba injini, nayo inakuja kuishia chini ya miguu ya dereva na abiria. Hapo ndipo uzito wote unapokabidhiwa sakafu na vizingiti.

Nyinyi Pemba mnayajua majahazi kuliko mimi, basi lifikirie jahazi. Vizingiti na mihimili ni mataruma, yaani mbavu za ndani za jahazi, sakafu ni mbao za ubavuni. Hujapata kumwona fundi wa jahazi akigongomea ubao mpya juu ya ubao uliooza. Anautoa mbovu mpaka afike kwenye mti mzima, anakata mpya kwa kipimo, anautia mahali pake, kisha ndiyo anapiga kalafati. Na taruma likiwa bovu, anashughulika na taruma kwanza. Kazi ya sakafu ya Morris ni hiyo hiyo.

Taruma lenyewe ninaloliogopea ni moja. Chini ya viti vya mbele, kutoka kizingiti cha kulia mpaka cha kushoto, pana mhimili uliokingama gari. Una kazi nyingi kuliko unavyoonekana. Viti vya mbele vimefungwa juu yake. Matundu ya jeki yako kwenye ncha zake mbili. Na kubwa zaidi, springi za mbele za Morris si za kujiviringisha kama za gari unazozijua. Ni fito mbili ndefu za chuma zinazolala chini ya sakafu, mafundi wanaziita tosheni ba, na zinafanya kazi kwa kusokotwa. Ncha ya mbele imeshika mkono wa gurudumu, ncha ya nyuma imefungwa kwenye mhimili huo uliokingama. Sasa mhimili ukiliwa na kutu, fito haina tena pa kushikilia msokoto wake. Siku moja ukipita kwenye shimo, pua ya gari inakaa chini na gurudumu linakwenda linakotaka. Bati la kuezekea na lami vitakuwa juu, vinapendeza, na wewe hutajua lolote mpaka siku hiyo.

Kwa hiyo kabla ya habari ya bati gani, fanya uchunguzi. Huhitaji fundi kwa hili, unahitaji nyundo ndogo, bisibisi kuukuu na tochi. Toa viti vyote, toa zulia na kila kilicholala sakafuni. Chini ya zulia la Morris mara nyingi pana tabaka la lami ngumu la kupunguza kelele, na mazulia yale hushika maji kama sifongo. Likune lote. Kisha gonga kwa nyundo taratibu, shibiri kwa shibiri. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kifuu kilicholowa. Ukisikia hivyo, sukuma bisibisi. Usiwe na huruma: mahali ambapo bisibisi inapita leo, moto wa kuchomelea ungepapitia kesho.

Tazama hasa pembe ambapo sakafu inakutana na kizingiti, ncha za mhimili uliokingama, na sehemu ya chini ya ukuta wa miguuni upande wa dereva. Nenda na nyuma, chini ya kiti cha abiria, ambapo springi za mabamba za nyuma zimefungwa kwenye bodi. Pale napo watu wanapasahau. Weka alama kwa chaki kila ulipotoboa, piga picha. Usishangae chaki ikienda mbali sana na lile tundu la kisigino. Tundu ni pale kutu ilipomaliza kazi. Inakofanya kazi sasa ni pembeni yake.

Sasa ule mlango. Ufungue nusu, ushike chini, unyanyue na kuushusha. Ikiwa bawaba zina mchezo, zinagongagonga, basi pini zimelika, na hilo ni jambo jepesi. Ikiwa bawaba zimekaza na bado mlango umeshuka, basi nguzo ya katikati ndiyo iliyoshuka, kwa sababu kizingiti kilicho chini yake hakiwezi kuibeba. Pima nafasi ya mlango juu na chini. Gari iliyolegea katikati nafasi za juu zinabana na za chini zinatanuka. Kipimo kingine kizuri ni jeki: weka kipande cha mbao kipana chini ya mhimili uliokingama, nyanyua pole pole, kidogo tu, huku mwenzako anaufungua na kuufunga mlango. Tabia ya mlango ikibadilika gari inavyonyanyuka, bodi inajikunja. Mbao ikianza kuzama ndani ya chuma, acha hapo hapo, jibu umeshalipata.

Nadhani, kwa ulivyonieleza, utakuta kizingiti cha kushoto kimekwisha. Usikate tamaa. Nimeona Morris mbovu kuliko hiyo zikarudi kutembea. Vipande vyake vinaendelea kutengenezwa mpaka leo, kwa kuwa gari hizi zilitoka zaidi ya milioni moja na laki sita, na wenye kuzipenda ni wengi. Hilo linanileta kwenye swali lako la kuagiza.

Agiza kile ambacho mkono wa fundi wetu utakipata kwa shida: mhimili uliokingama pamoja na ncha zake za jeki, vizingiti vya ndani na vya nje, na vikamatio vya springi za nyuma kama vimeoza. Hivi vina mikunjo mingi na vipimo vyake havitaki kukosea hata milimita chache, hasa pale panapokaa ncha za fito. Sakafu yenyewe, zile sehemu bapa za miguuni, usizilipie meli na ushuru. Ni bati lenye mikunjo ya pembeni na mifereji michache iliyobonyezwa. Fundi bodi mzuri anazikunja kwa siku moja.

Bati la kutumia ni la chuma laini, tupu, lisilo na mawimbi wala zinki, geji 18, yaani kama milimita 1.2. Lile la kuezekea alilokutajia fundi wa kwanza ni geji 28 au 30, milimita 0.4 kushuka hadi 0.3. Lilitengenezwa libebe mvua, siyo mtu mzima na kiti chake. Na ribiti zinashika bati na bati kwa nukta nukta, baina yake maji ya chumvi yanaingia na kulala.

Bati la madoadoa nalo ni zito. Milimita 3 ni zaidi ya kilo 23 kwa kila mita ya mraba, na halikusaidii kitu, maana fundi anataka kulichomelea juu ya chuma kilichokwisha oza. Atalishikisha na nini? Kingo zake zitashika kutu. Baina ya sahani mbili patabaki mwanya mwembamba usioingia brashi wala rangi, lakini unyevu unaingia. Na akikuletea la aluminiamu, akasema hili halishiki kutu, mwambie hapana kwa adabu. Aluminiamu ikigusana na chuma penye maji ya chumvi, mambo yanakuwa kama betri, na kimoja kinaliwa kwa haraka.

Hii habari ya chumvi nataka uishike vizuri, kwa sababu mafundi wanaofuata maelekezo ya nchi za baridi hawaipati. Chumvi inanyonya maji kutoka hewani bila mvua kunyesha. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, punje ya chumvi inajilowesha yenyewe, na visiwani kwetu asubuhi nyingi za mwaka zinapita hapo. Kwa hiyo sakafu yako ilikuwa inalowa miaka minane hata katika siku za kiangazi. Kama mzee alikuwa akichukua samaki katika gari, au akipita barabara za ufukweni maji yakijaa, basi chumvi iko ndani ya mishono kwa miaka. Ndiyo maana hatua ya kwanza kabisa, kabla ya grenda kugusa chuma, ni kuiosha. Maji baridi mengi, ya bomba au ya mvua, siyo ya kisima cha karibu na bahari ambacho ukionja unahisi uchumvi. Osha leo, acha ikauke kwa jua milango ikiwa wazi, osha kesho kutwa tena. Mpira wa maji uingie ndani ya vizingiti kwa yale matundu ya chini mpaka maji yatoke meupe. Mtu akipaka rangi juu ya chumvi, rangi itavimba malengelenge kabla ya masika ya pili.

Na usikubali kabisa gari ipigwe mchanga wa pwani ili kutoa kutu. Ule mchanga una chumvi yake, na vumbi la mchanga wa aina yoyote linaharibu mapafu. Brashi ya waya kwenye grenda, miwani, barakoa ya vumbi, na subira, vinatosha.

Sasa kukata. Hapa nitakwambia lililonipata nikiwa kijana, nafunzwa kazi katika gereji moja mjini Unguja. Tuliletewa gari ya bodi moja kama yako, sakafu imeoza pande zote mbili, na mimi nikaambiwa niisafishe. Kwa hamu ya kumaliza nikakata sakafu ya kulia na ya kushoto na kizingiti kimoja, vyote siku moja, gari imekaa juu ya mawe manne. Asubuhi yake milango yote ilikuwa imefunguka upande mmoja na haikufunga tena vizuri mpaka gari ile iliuzwa. Mwenye gari hakusema neno, alizunguka tu, akaipapasa milango yake. Sijausahau uso wake. Kwa hiyo ninayokuandikia sasa yafuate kwa utaratibu wake.

Gari ikae juu ya stendi za chuma, siyo matofali wala mawe ya matumbawe, yanapasuka bila kutoa habari. Mbele, stendi zishike mihimili ya injini. Nyuma, zishike ekseli, ili uzito ukae kama gari imesimama kwa magurudumu yake. Usiibebeshe kwenye vizingiti unavyotaka kuvikata. Kisha hakikisha iko sawa. Mwite mwashi yeyote akuletee ule mpira wake wa maji, wa plastiki unaoonyesha ndani, anaopimia msingi wa nyumba. Hakuna kipimo bora cha kusawazisha gari kuliko hicho. Milango ikifunga vizuri katika hali hiyo, au umeisawazisha kwa jeki mpaka ikafunga, hapo ndipo chomelea vyuma vya muda kukingama nafasi ya kila mlango, kutoka nguzo hadi nguzo, na kimoja kutoka ubavu hadi ubavu. Pima pembe kwa pembe, andika ukutani kwa mkaa. Vipimo hivyo utavirudia kila jioni.

Kata upande mmoja tu. Umalize, upoe, upime, ndipo uende upande wa pili. Na katika upande huo huo anza na mhimili na kizingiti cha ndani, sakafu ifuate, kizingiti cha nje kiwe cha mwisho. Fito za springi zilegezwe na mtu anayezijua kabla mhimili haujaguswa. Zimesokotwa, zina nguvu ndani yake hata magurudumu yakiwa yananing'inia, na zikifyatuka zinavunja mkono. Hapa usiweke mwanafunzi.

Usimwache fundi akate kwa mstari wa kupendeza macho. Akate mpaka chuma kinachong'aa, kisha aongeze vidole viwili. Sakafu ya kiwandani imeshikwa na nukta nyingi za kuchomelea. Ukizitafuta kwa brashi zinaonekana kama vishimo vya mviringo, na ukizitoboa kwa drili kipande kinatoka chenyewe bila kuumiza kile cha chini. Kipande cha zamani usikitupe, hata kikiwa kimebaki kingo tu. Hicho ndicho kielelezo. Chukua boksi la karatasi nene, lilaze, likate mpaka likae pale bila kunyanyuka, kisha lihamishie kwenye bati.

Na ile mifereji iliyobonyezwa katika sakafu usiiache kwa kuona ni pambo. Bati bapa hutetema na kulia kama debe, bati lenye mfereji limekaza. Fundi akiweka bati juu ya mbao mbili zilizoachana kidogo na kupiga katikati kwa tindo butu, hatua kwa hatua, mfereji unatokea. Ni kazi ya kupendeza kuitazama.

Kuchomelea. Kwa bati la unene huu mashine inayofaa ni ile ya waya na gesi, mig, waya wa milimita 0.6. Mtungi wa moto wa asetilini unafanya kazi, lakini unalipinda bati lote kwa joto. Mashine ya vijiti inatoboa, labda fundi awe na mkono wa ajabu na vijiti vyembamba vya milimita 2. Kwa mashine ya waya tuna maadui wawili huku kwetu. Wa kwanza ni upepo. Ile gesi inafunika moto usikutane na hewa, na kusi likivuma kidogo tu linaipeperusha, mshono unajaa matundu kama mkate wa kumimina. Chomeleeni asubuhi mapema, au mzungushe turubai. Wa pili ni umeme. Ukiwa mdogo, au waya wa kuunganishia ni mwembamba na mrefu, chuma kinakaa juu bila kushika ndani, na kwa macho unaona kazi nzuri. Basi kabla fundi hajagusa gari, kila siku, achomelee vipande viwili vya bati lile lile, avibane, avikunje kwa nyundo mpaka vipasuke. Bati likichanika pembeni ya mshono, kazi ni nzuri. Mshono wenyewe ukifunguka, asiendelee mpaka amepata sababu.

Asichomelee mstari mrefu kwa pumzi moja. Nukta hapa, nukta kule upande wa pili, kisha sentimita mbili au tatu, aache ipoe mpaka mkono uvumilie, ndipo aendelee. Pale sakafu inapokaa juu ya mhimili, atoboe bati la juu matundu ya milimita 8 kila baada ya sentimita tatu au nne, na kuyajaza. Hiyo inarudisha zile nukta za kiwandani. Baina ya bati na bati, mahali ambapo brashi haitafika tena, papakwe kwanza rangi ya zinki inayoruhusu kuchomelea juu yake.

Naomba sana kuhusu moto. Tangi la petroli la Morris liko nyuma chini ya buti: litolewe kabisa, lipelekwe mbali. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke ndio unaolipuka. Bomba la petroli nalo. Upande wa dereva, chini ya sakafu, mna silinda kuu ya breki imejificha ndani ya ule mhimili wa injini wa upande huo, na kifuniko chake ni kile kibati kilichofungwa sakafuni. Itoeni. Joto litaua raba zake na mafuta ya breki yanashika moto. Betri ifunguliwe. Na hapo nikuulize: huyo aliyetia betri mpya ameunga chanya kwenye bodi? Morris za mwaka wako zilitoka kiwandani chanya ndiyo imeshika bodi, kinyume cha gari za Kijapani tulizozizoea. Kama hakuna aliyeibadilisha mfumo zamani, na yeye ameunga kwa mazoea, dainamo yako haitapatana na betri hiyo. Lami ya zamani chini ya gari ikunwe upana wa mkono kila upande wa mshono, inawaka pole pole, na moshi wake unakuja wakati kila mtu ameinamia upande mwengine. Awepo mtu mmoja mwenye ndoo ya maji na mtungi wa kuzimia moto, asiwe na kazi nyengine. Wakimaliza jioni akae saa nzima zaidi.

Rangi isingoje. Chuma kilichong'arishwa asubuhi ya masika, jioni kina rangi ya karafuu zilizoanza kukauka. Safisheni kile tu mtakachoweza kukipaka siku hiyo hiyo. Juu ya chuma praima ya kuzuia kutu, ipakwe mara mbili, kisha mishono yote ijazwe sila ya mishono ya gari, juu na chini, kisha rangi, kisha chini kabisa ile andasili, rangi nzito ya mpira ya kukinga chini ya gari. Fuata mfuatano huo. Sila au lami ikiwekwa juu ya chuma kitupu, ikipata ufa mdogo, kutu inasafiri chini yake usione. Ndani ya vizingiti hamna mkono unaofika. Hapo hupulizwa nta maalumu kwa mpira mwembamba kupitia matundu, na hurudiwa kila baada ya mwaka au miwili. Nawajua wanaotia mafuta machafu ya injini. Yanazuia kwa muda, lakini yanaharibu raba, yanadondoka uani unapochota maji, na mtu wa baadaye akileta moto karibu yake anaungua. Nta ni bora, igharamie.

Kama mtataka mikanda ya viti, na mimi ningependa uiweke, sasa ndiyo wakati. Chini ya kila tundu la bolti pachomelewe plati ya milimita 3, upana wa kiganja. Bolti ya mkanda kwenye bati tupu la geji 18 itang'oka siku inapohitajika.

Bado sijajibu jambo ambalo hukuniuliza, nalo ni maji yalikotoka. Sakafu haikuoza kwa chini tu. Katika Morris maji huingia kwa raba ya kioo cha mbele ikishakauka, kwa matundu ya waya katika ukuta wa injini, kwa raba za milango. Na majani yale ya mfenesi uliyoyaona hayakukaa uani tu, yamejaa katika mfereji wa chini ya kioo na nyuma ya mabawa ya mbele, yale mabati yanayofunika magurudumu, yakageuka mboji. Fungua mabawa, yamefungwa kwa bolti, utakuta udongo wa kuotesha mchicha. Zibua matundu ya chini ya milango kwa waya. Raba ya kioo nunua mpya katika mzigo huo huo unaoagiza, ni nyepesi.

Nikadirie muda? Kwa fundi mmoja makini na msaidizi, kwa hali niliyoikisia, hesabu wiki tano au sita za kazi, bila ya kungojea mzigo. Anza masika yakishatulia. Gharama sitakutajia kabla hujaweka zile alama za chaki, lakini mlipe fundi kwa hatua: mhimili na kizingiti cha ndani, ukague, ulipe, ndipo sakafu. Kila hatua ikaguliwe kabla ya rangi. Chuma kikiwa kitupu hakuna kinachofichika.

Na siku itakayokuwa imekamilika, kabla zulia halijarudi, keti ndani na tochi, milango na vioo vimefungwa. Mtu nje amwagie maji kwa mpira, aanze chini, milangoni, apande pole pole mpaka kioo cha mbele, kama dakika kumi kila mahali. Nyunyiza unga mkavu sakafuni, kwani tone dogo linaonekana kwenye unga hata jicho likilikosa likidondoka. Ukiliona, usifute. Weka alama, kisha niandikie limetokea upande gani.